Barua ya wazi kutoka juu ya ngazi: tuiteni kabla dari haijachorwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi,
Bodi ya Usajili wa Makandarasi,
Baraza la Taifa la Ujenzi,
na wamiliki wa majengo ya biashara jijini Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

Kwanza salamu. Mimi ni mkandarasi wa kazi za ndani hapa jijini: dari za jipsamu, kuta za kugawa ofisi, skimu ya kulainisha kuta, rangi, milango, mara mojamoja na taili. Mtaani wanatuita mafundi finishingi, hata uwe na kampuni, leseni na cheti cha Bodi ukutani. Mkiingia benki mpya pale Posta au kliniki ya Masaki, karibu kila mnachokiona na kukigusa kimepita mikononi mwa watu kama mimi. Nguzo hamzioni, nondo hamzioni. Mnaona dari, na ikiwa na doa la maji mnauliza nani kafanya kazi hii.

Jibu la swali hilo ni refu kidogo, ndiyo maana naandika.

Nilisomea useremala chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, enzi dari ilikuwa ya mbao na silingibodi, fundi anapigilia msumari mmoja huku mingine kaing'ata mdomoni. Jipsamu ilipotapakaa tukajifunza upya, wengi wetu kwa kutazama na kuharibu. Leo nina vijana 14 wa kudumu, stoo ndogo Buguruni, na fedha ninazodai ambazo zimeshaota mvi.

Miaka mitatu iliyopita nilichukua ghorofa mbili za ofisi kwenye jengo refu katikati ya jiji, chini ya mkandarasi mkuu. Simtaji yeye wala jengo. Sikuja kushitaki mtu, na kusema kweli angeweza kuwa mwingine yeyote. Mkataba ulisema siku 90. Zege likachelewa, vioo vikakwama bandarini, fundi umeme akabadilishwa katikati ya safari. Kila aliyechelewa alikula siku zake akala na za jirani. Tulipokabidhiwa ghorofa ya tisa zilikuwa zimebaki siku 41, na tarehe ya uzinduzi haikusogea hata saa moja, kwa sababu kadi za mwaliko zilishachapwa.

Asubuhi tunayoingia na lori la bodi za jipsamu nikakuta winchi ya nje inafunguliwa. Msimamizi wa saiti akaniambia muda wa kuikodi umekwisha na mizigo mizito imeshapanda. Nyuma yangu kwenye lori zilikuwa bodi 620. Bodi ya jipsamu ya milimita 12, upana mita 1.2 na urefu mita 2.4, ina kama kilo 25. Lifti za ndani zilishasimikwa, ila zilikuwa zimevishwa maboksi na nailoni zisichubuke, tukakatazwa hata kuzisogelea. Basi tukapanda ngazi.

Naomba hapo mpaone vizuri, maana kwenye ripoti ya maendeleo ya mradi hapamo. Vijana wawili kwa bodi moja: wa mbele anapanda kinyumenyume, wa nyuma anasukuma kwa bega. Wakifika kwenye kona, bodi haigeuki ikiwa imelala, wala haisimami, kwa kuwa zege la ngazi ya juu limeshuka chini mno. Inabidi waipandishe juu ya reli, waiinamishe upande wa tundu la ngazi, waizungushe hewani, ndipo waivute ndani. Kila ghorofa ina kona mbili. Anayeteleza hapo hadondoki peke yake. Tulivunja bodi 31 kwenye kona zile, na kijana wangu mmoja wa Mbagala, kidole chake cha shahada hakikunji vizuri mpaka leo. Siku tatu zikaisha kwa kubeba tu. Kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake, kubeba kulikuwa kumeandikwa maneno matatu: imo kwenye bei.

Winchi ile ingebaki siku nne zaidi, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Lakini siku ratiba ya winchi inapangwa sisi hatukuwepo mezani. Hatukuwa hata na jina. Tulikuwa mstari mmoja kwenye karatasi: "mkandarasi wa dari, atateuliwa baadaye." Neno hilo "baadaye" ndilo limenifanya nishike kalamu.

Dari ya ofisi si kifuniko cha sufuria. Juu yake kuna mabomba ya kunyunyizia maji moto ukizuka, mifereji ya hewa, bomba la kutoa maji ya viyoyozi, nyaya za umeme, nyaya za intaneti, na siku hizi kamera. Kila mmoja ana mchoro wake, na kila mchoro unajiona uko peke yake duniani. Nafasi ya sentimita 45, mfereji wa hewa unataka 40, bomba la moto linataka kupita hapohapo. Anayegundua kwamba havienei ni fundi wangu akiwa juu ya ngazi, mkono mmoja kashika chaneli, kile chuma kinachobeba bodi. Anashuka ananiambia. Nampigia msimamizi, msimamizi anampigia mbunifu, mbunifu siku hiyo yuko Dodoma. Jibu linarudi jioni: shusheni dari kidogo. Ukiishusha, vioo vya juu ya milango ambavyo vimeshakatwa havitoshei tena. Nani analipia vioo? Kisieni.

Pale tulifungua dari mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa hivi. Mabomba ya moto hayakuwa yamejaribiwa kwa shinikizo, nikasema sifungi. Nikaambiwa wageni wa mwenye jengo wanakuja Ijumaa kukagua, fungeni tu. Tukafunga, tukaskimu, tukapiga rangi ya kwanza. Baada ya siku 11 wakaja wa mabomba na pampu yao. Ungio moja likavuja usiku kucha. Asubuhi dari ilikuwa imetuna kama tumbo la mbuzi, na bodi iliyolowa hairudi, hata uikaushe kwa feni wiki nzima. Mara ya pili maji ya kiyoyozi yalikuwa yanatiririkia kwetu badala ya chooni. Mara ya tatu mpangaji alibadilisha mawazo kuhusu taa. Mara zote tatu, orodha ya kasoro ilipotoka, iliandikwa "dari ina madoa" na jina langu mbele yake. Anayefunga dari anakuwa shahidi wa mwisho wa kilichopo juu yake. Kwetu shahidi ndiye anayefungwa.

Kuna suala la moto, na hapa nitakawia kidogo.

Jipsamu, ambayo nyingine inachimbwa hapahapa nchini kule Makanya, Same, ni jiwe lililobeba maji. Karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake. Moto ukiipiga, maji yale hugeuka mvuke kwanza, na mpaka yaishe, upande wa pili wa ukuta unabaki na joto la kuvumilika. Ndiyo maana ukuta wa jipsamu uliojengwa sawasawa unawapa watu muda wa kushuka ngazi. Lakini lazima ukuta upande mpaka ukaguse zege la juu, na kila tundu la bomba au waya lizibwe kwa kizibo kinachostahimili moto. Ukiishia kwenye dari, moshi unapita juu yake kama paka juu ya uzio.

Mchoro tuliopewa ulikuwa na kuta za korido zinazoishia kwenye dari. Niliuliza kwa maandishi. Nikajibiwa kwa simu: fuata mchoro, usitupandishie gharama. Nikafuata. Nikipita mtaa ule usiku nikaona taa za ghorofa ya tisa zinawaka, huwa natazama pembeni.

Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku, jengo la Beda Amuli ambalo watu wa fani tulikuwa tukiwapeleka vijana wakalitazame kama darasa. Sisemi chanzo kilikuwa dari wala ukuta. Nasema kwamba Dar imezika watu wake kwa majengo yaliyoporomoka: Machi 29, 2013 mtaa wa Indira Gandhi, watu 36, Novemba 16, 2024 Kariakoo. Kila baada ya msiba mazungumzo yetu huwa nguzo, nondo na zege, na ni haki yawe hayo. Ila jengo linaweza kusimama wima, nguzo zote salama, na moshi ukaua waliomo ndani. Wanaoamua moshi utapita wapi ni watu mnaowaita wiki ya mwisho.

Na tusisahau kazi zetu ndogondogo. Mteja wa Kariakoo ananiita anataka ukuta utoke, fremu mbili ziwe moja, na anataka ifanyike Jumapili duka likiwa limefungwa. Katika miaka yote niliyofanya kazi hiyo, wenye maduka walioniuliza kama mhandisi ameuona huo ukuta nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nyundo anayo fundi finishingi. Maarifa ya ukuta upi umebeba nini hatujapewa rasmi na mtu yeyote.

Sasa fedha. Najua hapa ndipo wasomaji wengi wa fani yangu walirukia moja kwa moja.

Kazi ile ilikuwa ya Sh milioni 186. Milioni 38 sijalipwa, na mara ya mwisho kuulizia ilikuwa wiki iliyopita. Mkataba wangu una kifungu ambacho makandarasi wadogo wote wa mji huu wanakijua kwa moyo: mkandarasi mdogo atalipwa mkandarasi mkuu akishalipwa. Kwa hiyo ukienda ofisini unakaribishwa soda, unaambiwa "mwenye jengo bado hajatutoa, kaka, vumilia." Mwenye jengo mimi simjui, hanijui, sina mkataba naye, sina hata ruhusa ya kumpigia simu. Nadai mtu ambaye naye anadai mtu.

Kibaya zaidi, walitaka ankara ya kodi na risiti kwanza ndipo karatasi zipelekwe kwa mhasibu. Nikatoa. Tarehe 20 ya mwezi uliofuata kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ilikuwa imeshadaiwa na TRA, nami nikailipa kwa mkopo. Yaani nimeilipia Serikali kodi ya fedha ambayo mfukoni mwangu haijaingia. Sijawalaumu TRA, wao wanasoma karatasi na karatasi inasema nimeuza.

Vijana niliwalipa. Niliuza gari dogo. Mke wangu alisema neno moja tu siku ile, nalo sitaliandika hapa.

Waheshimiwa, kifungu hiki si amri ya Mungu. Uingereza walikipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1996, isipokuwa pale anayetakiwa kulipa huko juu amefilisika. Sheria hiyohiyo ikampa kila aliye kwenye mkataba wa ujenzi haki ya kumpeleka mwenzake kwa mwamuzi wa haraka, ambaye kwa kawaida anatakiwa atoe uamuzi ndani ya siku 28. Singapore wakafuata na sheria yao mwaka 2004. Makandarasi wakuu wa huko hawana mioyo laini kuliko wa kwetu. Wamewekewa sheria tu. Sisi tunayo Sheria ya Usuluhishi ya 2020, na Baraza linasaidia kupata wasuluhishi. Lakini kwa madai ya milioni 38, hesabu ya wakili, msuluhishi na nauli ya mwaka mzima inamfanya mtu aamue kunyamaza, na wanaotaka tunyamaze wanaijua hesabu hiyo kuliko sisi.

Nawashukuru kwa kanuni za ununuzi wa umma za 2024 zilizotenga kandarasi za ujenzi zisizozidi Sh bilioni 50 kwa kampuni za wazawa. Ni hatua kubwa na tuliipigia makofi. Ila naomba mshuke ngazi moja zaidi. Mzawa akishapata kandarasi, mimi mzawa wa chini yake nalindwa na nani? Kwa sasa uzawa unaishia kwenye saini ya kwanza.

Nisijifanye malaika. Sisi wenyewe tumechangia kudharauliwa. Tunanunua chaneli nyembamba unayoikunja kwa vidole viwili, kisha tunaziachanisha ili zitoshe. Tunaruka tepu ya maungio kwa kuwa rangi itaficha, na masika ikifika ufa unajichora wenyewe, mnyoofu kama umepigwa rula. Wapo wanaokodisha cheti cha Bodi kama mtu anavyokodisha bajaji. Mimi mwenyewe niliwahi kubandika bodi za kawaida kwenye vyoo vya hoteli ndogo badala ya zile za kijani zinazohimili unyevu. Mteja alibana bei, nami nikabana bodi. Msimu wa mvua wa kwanza nikaitwa, na nilistahili kila nilichoambiwa. Vijana wetu nao tunawaajiri kwa mdomo, tunawapandisha majukwaa bila mikanda, wanakatia taili ndani bila maji na vumbi lile wanalimeza siku nzima wakiwa wamejifunga fulana puani. OSHA, wakala wa usalama kazini, akija tunakimbilia kofia za plastiki stoo.

Kwa hiyo ninachoomba si huruma.

Baraza la Taifa la Ujenzi, mtakapopitia tena mikataba yenu ya mfano, kile kifungu cha "nikilipwa nitakulipa" kitoeni, mweke siku za kuhesabika tangu kazi ipimwe. Wekeni na mwamuzi wa haraka wa madai madogo, mtu wa fani, ambaye anaweza kupanda ghorofa ya tisa akaiona dari kwa macho badala ya kusoma majalada.

Bodi ya Usajili wa Makandarasi, mradi ukisajiliwa kwenu, dai majina ya makandarasi wadogo tangu siku hiyo, siyo "baadaye". Na lile bango la saiti, lenye mteja, mshauri na mkandarasi mkuu, liongezwe mistari miwili mitatu ya kwetu. Mnaweza kuona ni jambo dogo. Mtu ambaye jina lake limekaa barabarani miezi 18 haweki chaneli nyembamba kirahisi, na aliyempa kazi hawezi kusema hamjui.

Wamiliki wa majengo na wabunifu wenu, kwenu ombi langu halina gharama ya kusumbua. Kaeni nasi nusu siku kabla michoro haijafungwa. Mimi nakiita kikao cha dari. Aje wa viyoyozi, aje wa mabomba ya moto, aje wa umeme, nije mimi, tuweke michoro yote juu ya meza moja tuone nani anamkanyaga nani. Hapohapo tuulize bodi zitapandaje na winchi inaondoka lini. Halafu wakati wa ujenzi pawe na karatasi moja ya kila ghorofa: dari haifungwi mpaka aliyejaribu mabomba ametia saini, na mimi nikiifunga bila saini hiyo, kosa liwe langu kwa haki. Niliwahi kufanya hivyo na mteja mmoja Mikocheni, mwanamama aliyekuwa anajenga kliniki na ambaye hakuwa mjuzi wa ujenzi hata kidogo, ila alikuwa na akili ya kuuliza "nani anakuja baada ya nani?" Tulimaliza siku sita kabla ya tarehe. Sijaitwa kwenye doa lolote pale.

Mheshimiwa Waziri, kwako ni kiti tu. Marekani wenzetu wa kuta na dari wana chama chao tangu 1918, AWCI, na viwango vya kazi yao vinapojadiliwa nao wanasikika. Sisi tuna kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya 200, nusu ya ujumbe ni picha za dari za watu wengine na salamu za Ijumaa. Hilo ni letu kulirekebisha, na tumeanza. VETA nao wana mpango wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Nimeshapeleka vijana wanne na nitapeleka wengine. Lakini kamati inapoundwa kutazama usalama wa majengo au mikataba ya ujenzi, wanaalikwa wahandisi, wabunifu, wakadiriaji na makandarasi wakubwa. Aalikwe na mtu mmoja mwenye vumbi la jipsamu kwenye nywele. Akikaa kimya kikao kizima, msimwalike tena.

Stoo yangu iko Buguruni, ghorofani, juu ya duka la skrubu. Bodi zinapandishwa kwa ngazi ya nje yenye kona moja tu, ya kwangu mwenyewe, na niliipima kabla fundi zege hajaimwaga.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkandarasi wa kazi za ndani
Buguruni, Dar es Salaam